Kompyuta ya Duka la Ami

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na kwa mlioniandikia kuuliza kulikoni, nashukuru, niko salama. Kazi tu zilinizidi. Leo sitaandika juu ya lugha za programu wala seva. Nataka kueleza jinsi nilivyochagua vifaa vya kompyuta ya duka, kompyuta ya kawaida kabisa ya kuandikia ankara na kuhesabu mali, na kwa nini safari hii nimechagua kinyume cha nilivyochagua mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilimtia hasara mtu aliyeniamini. Hayo nayaeleza mwanzo, kwa sababu bila hayo ushauri wangu utakuwa ule ule wa vitabuni.

Ami yangu anauza viungo na kahawa Mji wa Kale, katika kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Nyumba ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko juu, baraza nje. Bahari haionekani kutoka dukani lakini iko pale pale nyuma ya nyumba chache. Wateja wake ni wa aina mbili. Kuna majirani, wanaochukua robo ya iliki na mdalasini kwa deni na kulipa Idi ikikaribia, na kuna mikahawa na hoteli zinazochukua kwa gunia na kulipa mwisho wa mwezi. Yote hayo ami alikuwa akiyaandika katika daftari moja jeusi lenye mgongo mwekundu, kwa mwandiko ambao yeye peke yake ndiye aliyeweza kuusoma.

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea sayansi ya kompyuta, na mnajua jinsi mtu wa mwaka wa tatu anavyojiona. Nikamwambia ami daftari ni mambo ya kale. Akanipa pesa, akasema, "Haya mwanangu, fanya ujuavyo."

Nilijua kipi? Nilijua kusoma vipimo vya kasi kwenye intaneti. Nikanunua prosesa kubwa, memori ya GB 16, na kasha lenye ubavu wa kioo na panka tano zinazowaka taa za rangi. Kwa duka la bizari! Ilikuwa bahati kwamba pesa zilianza kuisha kabla sijafika kwenye kadi ya michezo. Kilichobaki ndicho nilichonunulia pawa saplai, kwenye kaduka kamoja ambako niliokota katoni iliyoandikwa "500W". Ilikuwa nyepesi kama ganda tupu. UPS nikamwambia ami tutanunua mwezi ujao, na huo mwezi ujao haukufika.

Programu niliiandika mwenyewe, juu ya SQLite. Ilikuwa ikikwama kidogo kila anapohifadhi mauzo, kwa sababu nilikuwa nahifadhi kila mstari wa risiti peke yake na diski ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka. Dawa ya kweli ilikuwa kuifunga risiti nzima katika muamala mmoja. Mimi nikapata njia ya mkato: nikazima ule mpangilio unaoilazimisha programu isubiri mpaka data iwe imeandikwa kwenye diski kweli kweli. Wenye kuijua SQLite wanajua nasema nini, ni mstari mmoja tu, PRAGMA synchronous=OFF. Kasi ikawa ya ajabu. Maelezo ya SQLite yenyewe yanaonya wazi kwamba stima ikikatika katika hali hiyo faili inaweza kuharibika. Nilikuwa nimeyasoma.

Aprili 2022, ndani ya Ramadhani, saa kumi na moja jioni duka limejaa, stima ikakatika. Ikarudi. Ikakatika tena, ikarudi kwa kishindo, taa zikang'aa kupita kiasi, na pawa saplai ikatoa mlio mdogo na harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Nilipoitwa nikabadilisha pawa saplai, mashine ikawaka, na programu ikaniambia faili ya data imeharibika. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa ya Januari, kwenye flashi ndani ya droo. Madeni ya miezi mitatu, yakiwemo ya Ramadhani nzima mpaka siku ile, yalikuwa yamekwenda.

Nikamwambia ami, "Ni stima. Stima ndiyo iliyoharibu."

Akanitazama kidogo. "Stima kukatika si jambo la leo, mwanangu. Daftari halikuwa likijua kama stima iko ama haiko."

Jioni zilizofuata alikaa barazani na kuwaambia watu wazi kwamba kompyuta imekufa, kila mtu anajua deni lake. Wengi walikuja wakalipa, wengine wakamtajia mpaka gramu. Wengine hawakuja, na hadi leo wakimwona Ndia Kuu huvuka upande wa pili, ingawa upande wa pili wa Ndia Kuu hauko mbali. Ami hakunidai hata shilingi. Alinunua daftari jipya, nami nikaachia maneno yangu ya stima yasimame hivyo hivyo.

Ile mashine nilikuja kuifungua vizuri baadaye, nimeshaanza kazi, na pale ndipo nilipojifunza zaidi kuliko darasani. Kapasita za pawa saplai zilikuwa zimevimba vichwa. Miguu ya memori ilikuwa na madoa ya kijani. Juu ya madabodi, hasa mbele ya panka, kulikuwa na vumbi lililoshikana kama uji uliokauka. Nikaligusa kwa ncha ya ulimi (msifanye hivyo) na lilikuwa na chumvi.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Nairobi na vya Ulaya havikuambii. Chumvi ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, hunyonya maji yaliyo hewani mpaka inalowa na kuwa majimaji. Wapishi wa pwani wanalijua hilo, ndiyo maana kikopo cha chumvi huwekwa punje za mchele. Mombasa, na hasa usiku na wakati wa mvua za masika, unyevu unafika hapo bila shida. Kwa hiyo vumbi la chumvi lililotulia juu ya madabodi mchana, usiku linageuka kuwa waya mwembamba mahali pasipotakiwa waya, na shaba inaanza kuliwa. Zile panka tano nilizojivunia zilikuwa zinavuta hewa ya bahari kutwa nzima na kuimwaga ndani. Kila panka ya ziada ilikuwa inaongeza chumvi.

Basi ami alikaa na daftari lake. Kilichomrudisha kwenye kompyuta ni kodi. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara kwa kawaida haikubaliwi na Mamlaka ya Mapato kama haina ankara ya eTIMS, na zile hoteli na mikahawa wakaanza kumwambia, bila ankara hatununui. Kwa muda alihangaika na simu, mpwa wake mmoja akimsaidia. Ankara zikazidi. Mwisho wa 2025 akaniita. "Nitafutie mashine," akasema. "Lakini safari hii nitafutie ya mzee, si ya kijana."

Nikaketi na karatasi, na badala ya kuanza na prosesa nikaanza na swali moja. Jumamosi jioni, maduka ya kompyuta yanafunga, kitu kimekufa: ami atafanya nini Jumapili asubuhi? Kila kifaa nilikipima kwa swali hilo. Mkitaka kujua, swali hilo linafuta karibu kila kitu kilichoandikwa kwenye matangazo.

Mashine yenyewe nilichagua ya mtumba, zile wenyewe wanaziita ex-UK, zilizotoka maofisini na kuja kwa makontena. Najua wapo watakaoshangaa. Lakini Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre ziliundwa ziwake kutwa nzima miaka na miaka mezani kwa karani, na kampuni iliyozinunua ilizinunua mamia za aina moja, kwa hiyo vipuri vyake vimejaa mjini. Panka zake ni mbili tu au moja, zinazunguka polepole. Kasha ni la bati, halina kioo wala taa. Nilichotafuta ni prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, kwa sababu moja kubwa: Windows 10 ilikoma kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu kila prosesa ya kabla ya kizazi cha nane imeachwa nje. Muuzaji atakwambia "hii inaingia Windows 11 vizuri tu". Inaingia kwa kulazimishwa, na siku sasisho likikataa utapigiwa simu wewe, si yeye. (Wale wa Linux, najua mnanyanyua mikono. Kijana anayemsaidia ami dukani anajua Windows, na siku mimi niko Nairobi huyo ndiye fundi.)

Nikapata OptiPlex 7060 ndogo, Core i5-8500, memori GB 8. Prosesa hiyo ina viini sita na ni ya wati 65. Kwa ankara na stoo hata nusu yake ingetosha.

Sasa kuna kasoro ambayo lazima niiseme. Pawa saplai za mashine hizi si za umbo la kawaida, na plagi zake za ndani ni za kampuni yenyewe. Ikifa, huwezi kwenda dukani ukachukua yoyote ukaitia. Nilikaa na jambo hili siku mbili nzima, karibu niache na kurudi kwenye kuunda mashine mpya kwa madabodi na pawa saplai za kawaida. Halafu nikapiga hesabu: bei ya OptiPlex mbili ilikuwa karibu sawa na bei ya mashine moja mpya ya heshima. Nikanunua mbili, za aina moja, namba moja. Moja iko mezani. Ya pili iko kabatini imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye masanduku ya viatu. Ikifa ya mezani, kijana anafungua kasha, anahamisha SSD, anawasha. Nimemfundisha, nikamshikia saa: dakika kumi na moja. Hilo ndilo jibu la Jumapili asubuhi.

Kabla ya kulipa nilizifungua zote mbili pale pale dukani, muuzaji akinung'unika. Nilitazama vichwa vya kapasita, nilitafuta rangi ya kijani na kutu kwenye skrubu za nyuma, kwa sababu mashine nyingine zimeshakaa pwani miaka mitatu kabla hujaletewa kama "imeshuka juzi". Moja niliikataa kwa hilo. Nyumbani nikatoa memori na kusugua miguu yake kwa kifutio safi cha penseli, polepole, nikapangusa, nikabadilisha ile dawa ya kupoza juu ya prosesa iliyokuwa imekauka kama chokaa. Nikabadilisha pia betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi. Hiyo ni ya bei ya vitumbua viwili vitatu, na ikiisha saa ya kompyuta inarudi nyuma kila stima ikikatika, tovuti zinaanza kukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza, na mtu anashinda siku nzima akilaumu intaneti.

SSD sikukubali iliyokuja nayo. Mashine ya mtumba sawa, diski ya mtumba hapana. Nilinunua mpya ya GB 500 kutoka kwa muuzaji anayetoa waranti ya maandishi, ingawa GB 120 zingetosha, kwa sababu SSD yenye nafasi tupu nyingi huchakaa polepole zaidi. Ukinunua mahali usipopajua, ijaze yote kwanza kwa programu kama H2testw au F3 uone kama ukubwa ulioandikwa ni wa kweli; zipo zinazojitangaza TB 2 na ndani zina chembe tu, zinaandika juu ya vya kwanza kimya kimya. Na jueni SSD nyingi za bei yetu hazina akiba ya chaji ndani ya kuziwezesha kumaliza kuandika stima ikikatika ghafla. Ndiyo maana inayofuata si ya anasa.

UPS. Hapa ndipo nilipotumia pesa bila kuona uchungu. Stima yetu ni volti 240 kwenye karatasi; kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, na nyaya za nyumba zilizoungwa na kuungwa tena tangu enzi za babu, ni suala la siku yenyewe. Nilichukua ya VA 650 yenye kirekebisha volti ndani, na yenye waya wa USB wa kuiambia kompyuta ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. Bila huo waya umenunua dakika kumi za kuahirisha ajali tu. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: UPS za aina hii huchukua sekunde ndogo sana, milisekunde kadhaa mpaka kama 10, kuhama kutoka stima kwenda betri. Pawa saplai nzuri inashikilia chaji kama milisekunde 16 hivi, kwa hiyo haihisi. Ile yangu ya katoni nyepesi ingezima hata kama UPS ingekuwapo. Vifaa hivi viwili vinategemeana.

Betri ya UPS ni ya risasi na tindikali, na joto ndilo adui yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikizidi 25, umri wake unakatika nusu. Duka la ami mwezi wa Februari halishuki nyuzi 30. Kwa hiyo sikumwambia miaka mitano. Nimeandika tarehe ya kununua kwa kalamu nene juu yake, na baada ya miaka miwili tutabadilisha betri, iwe nzima isiwe nzima. Printa ya leza haichomekwi kwenye UPS kabisa, inavuta moto mwingi ghafla inapopasha. Hiyo inakwenda ukutani.

Mengine yalikwenda haraka. Skrini ya mtumba. Kibodi ya bei nafuu, kwa sababu unga wa bizari utaiua kibodi yoyote uliyonayo. Waya wa mtandao badala ya Wi-Fi, maana zile kuta za matumbawe zina unene wa mkono mzima na mawimbi hayapiti. Kasha halikai sakafuni, liko juu ya rafu mbali na dirisha la upande wa bahari, na kila miezi mitatu kijana analifungua na kulipiga brashi kavu.

Programu niliiandika upya. Ule mstari nimeufuta, kila risiti ni muamala mmoja, na kila jioni nakala inakwenda kwenye flashi mbili kwa zamu, moja ikilala nyumbani kwa ami, na nyingine inapanda mtandaoni imefungwa kwa nywila. Halafu kuna jambo ambalo mwanafunzi wa 2019 angelicheka: saa mbili usiku programu inachapisha orodha ya madeni yote kwenye karatasi. Karatasi ya kawaida ya printa, si ile laini ya risiti, kwa sababu ile kwa joto letu inafifia na baada ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe.

Siku ya kuifunga nilifika asubuhi kabla wateja hawajaanza. Nikamaliza nyaya, nikakaa kwenye gunia la kahawa, na nikamwambia. Kwamba 2022 haikuwa stima peke yake. Kwamba nilizima kinga kwa mkono wangu ili programu yangu ionekane ina kasi, kwamba niliweka pesa yake kwenye taa na kioo, na kwamba nilijua siku ile ile.

Ami aliendelea kupima mdalasini. "Nilikuwa nangojea useme," akasema. "Mtu akilaumu stima huku hatazami usoni, yaeleweka." Kisha akauliza, "Na hichi je?"

Nikamwambia tukijaribu. Nikaingiza mauzo ya uongo, kilo tatu za pilipili manga, na katikati nikachomoa plagi ya UPS ukutani. UPS ikalia, skrini haikupepesa. Nikarudisha. Nikafanya jaribio baya zaidi, nikachomoa waya wa kompyuta yenyewe nyuma ya UPS wakati inahifadhi. Mashine ikafa. Ikawaka. Risiti ya mwisho iliyokamilika ipo, ile ya katikati haipo, faili nzima. Mara ya pili, mara ya tatu. Nilikuwa nimeshafanya hivyo nyumbani mara hamsini, lakini mikono bado ilinitoka jasho.

Mteja wa kwanza aliingia, mama mmoja wa Kibokoni anayechukua iliki. Ami akamwandikia deni lake kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja, polepole, akabonyeza kuhifadhi. Halafu akaniashiria nisogee, akainama nyuma ya meza, na akauchomoa waya yeye mwenyewe.